MATAIRI YA BASI LILILOGEUZWA NYUMBA

Maneno yafuatayo ni hotuba iliyosemwa mbele ya madereva na wenye magari. Twaichapa hapa kwa kuwa aliyeisema si mwuza matairi, bali ni mtu aliyejifunza kwa hasara, na mafunzo yake yaweza kumfaa kila mtu mwenye gari kubwa ambalo halitembei kila siku.

Nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni kuchagua matairi ya basi lililoacha kazi ya kuchukua abiria na kugeuzwa kuwa nyumba ya safari. Desturi ya kufanya hivyo imeenea sana Marekani. Huko mabasi ya manjano ya shule, yakiisha kuchoka, huuzwa kwa bei nafuu. Mnunuzi hung'oa viti, akaweka vitanda, jiko na tangi la maji, kisha yeye na jamaa zake huzunguka nchi wakiwa wamelala nyumbani mwao. Hata katika nchi yetu wapo waliofanya hivyo, nami ni mmoja wao.

Mwaka 2018 mimi na ndugu yangu mdogo tulinunua basi kuukuu. Tulifanya kazi kwa miezi mingi, tukaweka vitanda, makabati ya mbao nzito, jiko, betri za taa, na tangi la maji la lita 400. Kwa kuwa mlango uko kushoto, vitu vizito vyote tuliviweka kulia, nyuma ya kiti cha dereva. Tulibadili mafuta ya injini, tukafunga breki mpya, tukapaka rangi. Matairi hatukuyagusa. Meno yake yalikuwa marefu na weusi wake waking'aa, na aliyetuuzia alisema kwamba hayakwenda mbali. Naye hakusema uongo, maana basi lile lilikaa uani miaka mingi bila kazi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2019, watoto wakiwa likizoni, tulishika njia ya Mombasa. Tulipopita Mtito Andei, yapata saa nane za mchana, jua likiwa kali, tairi la mbele la kulia lilipasuka kwa kishindo kama cha mzinga. Basi likavutwa kulia, mahali ambapo lori lilikuwa likija. Ndugu yangu aliushika usukani kwa nguvu zake zote, na dereva wa lori, Mungu ambariki, alitoka njiani akapita majanini. Tulisimama salama. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa amelala kitandani, akaamka akauliza kama tumefika baharini.

Tulifunga tairi la akiba, tukaenda polepole hata Voi, kwa mzee mmoja fundi wa matairi. Nikamwambia, "Mzee, tairi hili lilikuwa jipya kabisa. Hebu tazama meno yake."

Mzee hakuyatazama meno. Alilisimamisha tairi, akalifuta matope ubavuni kwa kitambaa, akanionyesha tarakimu nne: 2308. Akasema, "Mwanangu, meno hueleza njia iliyokwendwa. Umri husomwa ubavuni. Tairi hili limetengenezwa juma la 23 la mwaka 2008. Lina miaka kumi na mmoja."

Siku ile ndipo nilipofahamu neno ambalo ndilo asili ya hotuba yangu ya leo: tairi la lori hufa kwa kwenda, bali tairi la basi lililogeuzwa nyumba hufa kwa kukaa. Mwenye lori huyamaliza meno kabla mpira haujazeeka. Mwenye nyumba ya safari husafiri mara chache katika mwaka, na mpira huzeeka meno yangali mazima. Kwa hiyo anayechagua matairi kwa kutazama meno tu anatazama mahali pasipo na hatari.

UMRI WA TAIRI

Mpira huharibiwa na hewa, joto na mwanga wa jua. Watengenezaji huchanganya ndani yake dawa na nta za kuukinga. Gari linapokwenda, tairi hujikunja na kujikunjua, na nta ile hutoka kidogo kidogo mpaka juu ya ngozi yake. Gari likisimama miezi mingi, nta haitoki vema, na mpira hukauka na kufanya nyufa ndogo ubavuni na katikati ya meno. Nyufa hizo zaweza kuonekana, lakini pengine uharibifu u ndani, mahali ambapo nyuzi za chuma zimeshikana na mpira, wala jicho haliufikii.

Tarakimu za tarehe nawaomba mjifunze kuzisoma kama msomavyo saa. Tangu mwaka 2000 zimekuwa nne: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3521, tairi limetengenezwa juma la 35 la mwaka 2021. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, nalo halifai hata kidogo barabarani. Mara nyingi tarehe kamili huandikwa ubavu mmoja tu, na fundi huenda akaufunga ubavu huo ndani. Basi chukua taa uingie chini ya gari.

Je, tairi liishi miaka mingapi? Kampuni ya Michelin hushauri kwamba tairi likisha kutumika miaka mitano, lichunguzwe na mtaalamu kila mwaka. Na likitimiza miaka kumi tangu kutengenezwa, liondolewe hata likionekana zima. Mimi katika gari ambalo watoto wangu hulala ndani yake singojei mwaka wa kumi, hasa kwa matairi ya mbele.

UZITO WA KILA GURUDUMU

Mzee wa Voi aliniuliza swali la pili: "Mmelipima?" Nikamjibu kwamba basi halina abiria, basi uzito utoke wapi? Akacheka.

Abiria ni mzigo unaoshuka kituoni. Kabati, jiko na tangi ni mzigo usioshuka abadan. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja; tangi letu likijaa lilikuwa kilo 400, nazo zote upande mmoja. Tuliporudi tulilipeleka basi kwenye mizani, maji yakiwa yamejaa, mafuta yamejaa, na sisi sote tumo ndani, kama tusafirivyo. Ekseli ya mbele ilikuwa na kilo 5,400. Tairi tulilokuwa nalo laruhusiwa kuchukua kilo 2,800, kwa hiyo mawili huchukua 5,600. Kwa hesabu hiyo tulikuwa salama.

Lakini tukalisogeza basi, magurudumu ya kulia peke yake yakawa juu ya mizani, na ya kushoto yakakanyaga sakafu iliyo sawa na mizani kwa kimo. Hapo ukweli ukatokea: tairi la mbele la kulia lilibeba kilo 2,900, na la kushoto 2,500. Jumla ilikuwa halali, na gurudumu moja lilikuwa likionewa kwa kilo 100 kila hatua ya safari.

Tena palikuwa na kosa la tatu, nalo lilikuwa langu. Nilipunguza upepo mpaka ratli 90 ili basi liende laini na vyombo visivunjike. Tairi lile huchukua kilo 2,800 likiwa na ratli 105 kwa kila inchi ya mraba. Upepo ukipungua, na mzigo wake hupungua. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana ubavuni, hupata joto, na joto huitenga ngozi na nyuzi zake. Wazee walisema kweli kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Umri, uzito na upepo mdogo vilikutana mahali pamoja, katika jua la Agosti.

KUSOMA ALAMA ZA UBAVUNI

Tuseme sasa umekwisha pima, nawe unakwenda dukani. Usiseme tu, "Nataka tairi la basi." Soma kwanza lile ulilo nalo. Mfano ni tairi lililoandikwa 11R22.5, na baada yake 144/142 L.

Namba 11 ni upana wake kwa inchi. Herufi R ni radiali, yaani nyuzi za mwili wake zimelazwa kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili bila kupishana, muundo ambao Michelin waliuombea hataza mwaka 1946. Namba 22.5 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 144 ni kipimo cha mzigo tairi likiwa peke yake, nayo maana yake ni kilo 2,800. Namba 142 ni mzigo wa kila tairi yakifungwa mawili pamoja, kama yalivyo ya nyuma, nayo ni kilo 2,650. Herufi L ni mwendo usiopita kilomita 120 kwa saa. K ni 110, na J ni 100.

Angalieni kwamba matairi mawili yakiwa pamoja, kila moja hupewa mzigo mdogo kuliko likiwa pekee, kwa sababu hayagawani kazi sawasawa kila wakati. Na ili yagawane vema, hapana budi yawe ya kimo kimoja. Ukiweka jipya kando ya lililosagika, lile refu hubeba mzigo na fupi huburutwa, na yote mawili huharibika.

Kama mizani imekuonyesha kwamba tairi la 144 halitoshi, lipo la saizi ile ile lenye kipimo cha 146/143, ambalo huchukua kilo 3,000 likiwa peke yake na upepo wa ratli 120. Lakini hapa pana mtego. Rimu nayo ina mpaka wake wa mzigo na wa upepo. Tafuta alama zilizopigwa kwenye rimu, na usipoziona, muulize mtu ajuaye. Tairi lenye nguvu juu ya rimu dhaifu ni kama nyumba ya mawe juu ya mchanga.

Wengine hutaka kuweka matairi marefu zaidi ili basi lipande juu. Wakumbuke kwamba tairi likizidi kimo kwa sehemu tano katika mia, saa ya mwendo itaonyesha 80 hali wewe unakwenda 84. Gia zitakuwa nzito mlimani, na huenda tairi likagusa bodi unapokata kona. Saizi aliyoichagua mtengenezaji wa basi ndiyo njia ya usalama.

RIMU ZA RINGI

Mabasi mengi ya zamani yana matairi ya 10.00-20, yenye tyubu ndani, na rimu zake hufungwa kwa ringi ya chuma. Yanafanya kazi, lakini ringi hiyo imewaua mafundi wengi duniani. Ikiwa haikukaa vema, au imeliwa na kutu, huruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kutosha kumkata mtu. Kwa hiyo toeni upepo wote kabla ya kufungua nati, na jazeni upepo tairi likiwa ndani ya kizimba cha chuma, fundi akisimama mbali. Mkiona fundi anapiga nyundo ringi iliyo na upepo, waondoeni watoto mahali pale, kisha mwambieni aache.

Aliye na uwezo aweza kubadili rimu zote na kutumia 11R22.5, ambalo halina tyubu wala ringi, na kimo chake chakaribiana sana na cha 10.00-20. Ni gharama mara moja, nayo inalipa. Lakini rimu mpya lazima zilingane na stadi za gurudumu, na pale nyuma zibakize nafasi ya kutosha kati ya matairi mawili, yasigusane yakibeba mzigo.

YA MBELE NA YA NYUMA

Matairi bora yawe mbele. La nyuma likipasuka, mwenzake hubaki kukuchukua mpaka usimame. La mbele likipasuka, umebaki na usukani na dua. Kwa sababu hiyo sheria ya Marekani juu ya mabasi ya abiria inakataza kufunga mbele matairi yaliyovikwa ngozi mpya juu ya mwili wa zamani. Nyumba yako huenda sheria hiyo haiigusi, lakini hekima yake inakugusa. Matairi ya namna hiyo, yakitengenezwa na watu wenye ujuzi, hufaa nyuma, mbele hayafai.

Kwa mbele chagua yenye mifereji inayozunguka tairi kwa urefu, maana hushika njia vema katika mvua. Kwa nyuma, kama hupenda kulala majanini au mahali pa matope, chagua yenye meno mapana yaliyokatwa kwa upana. Wala usichanganye katika ekseli moja tairi la radiali na lile la nyuzi za kupishana.

Kama fedha haitoshi kwa matairi sita, nunua mawili ya mbele kwanza, kisha ya nyuma kwa zamu. Lakini usinunue lililotumika kwa sababu lina meno. Na hata jipya dukani, soma tarehe kabla ya kulipa. Tairi lililokaa rafuni miaka minne limekwisha kula sehemu ya maisha utakayoyalipia. Mwambie mwenye duka kwa adabu kwamba unataka la mwaka huu au uliopita. Akikataa, mwage kwa adabu vile vile. Rahisi ghali.

KUYATUNZA

Nati zikisha kufungwa, zikaze tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Pima upepo asubuhi, kabla ya jua na kabla ya safari, kwa geji iliyo sahihi. Teke la mguu si kipimo. Upepo ukiongezeka kwa joto la njiani usiupunguze, kwa maana hiyo ni tabia yake. Usisahau tairi la ndani la nyuma, ambalo mvivu hulipita kwa kuwa halionekani.

Basi likisimama muda mrefu, liweke juu ya mbao, yafunike matairi yasipigwe na jua, na uliendeshe mara kwa mara ili mpira ujikunjue. Yaoshe kwa maji na sabuni. Dawa za kung'arisha zenye mafuta ya petroli huupamba mpira na kuudhuru.

Na ikiwa, pamoja na hayo yote, tairi la mbele litapasuka, fanya kama alivyofanya ndugu yangu. Hakukanyaga breki. Breki ya ghafula humwongezea nguvu yule anayekuvuta. Shika usukani kwa mikono miwili, lielekeze gari mbele, usiinue mguu ghafula kutoka kwenye mafuta, na gari likisha kunyooka acha mwendo upungue wenyewe mpaka utoke njiani.

Mabibi na Mabwana, nitamaliza. Basi letu tunalo hata leo. Tangi tulilihamisha katikati ya ekseli mbili, makabati tukayagawa pande zote, na mizani ya mwisho ilionyesha tofauti ndogo tu kati ya kulia na kushoto. Tulinunua matairi mawili mapya ya mbele, na baada ya miezi michache manne ya nyuma. Ndani ya kabati la jikoni nimebandika karatasi yenye uzito wa kila gurudumu, upepo unaolipasa, na tarakimu nne za kila tairi. Yule mtoto aliyeamka njiani siku hizi ndiye anisomeaye karatasi ile kabla hatujawasha injini.

Nanyi mkirudi nyumbani leo, kabla giza halijaingia, chukueni kitambaa mkafute matope ubavuni mwa matairi yenu, mkasome.